Fremu ya keirin ya Kijapani: kuigeuza baiskeli ya kila siku bila kuiharibu

sproketi49 (swali)

Wakuu, habari za kazi.

Naomba ushauri wa wanaojua vyuma. Nina fremu ya chuma ya mbio za uwanjani, imeingia Dar na kontena la mtumba wa baiskeli kutoka Japani. Chini ya bomba la ekseli ya pedali kuna muhuri wa NJS (alama ya vifaa vilivyokaguliwa kwa mbio za keirin za Japani) na namba. Nataka iwe baiskeli ya kwenda kazini kila siku: lami kwa sehemu kubwa, vipande vya vumbi, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi.

Vipimo nilivyochukua kwa kalipa ya venia:

Kati ya masikio ya nyuma (panapofungwa ekseli ya gurudumu) mm 120, mbele mm 100. Bomba la ekseli ya pedali lina upana wa mm 68. Ndani ya bomba la kiti ni kama mm 27.2. Shina la uma ni inchi 1 lenye nyuzi, na ndani ya shina mm 22.2. Kichwa cha uma hakina tundu la breki, na kidaraja cha nyuma (kibomba kinachounganisha vibomba viwili juu ya gurudumu) hakina tundu pia. Mikono ya pedali ni mm 165, sproketi ya mbele meno 49, ya nyuma 14, imefungwa moja kwa moja na habu bila friwili. Rimu ni zile za tairi la kugundisha, spoki 36.

Kuna kutu juu juu kwenye maungio na rangi imebanduka upande wa cheni. Maswali yangu:

1. Nitajuaje kama fremu ni nzima kabla ya kutoa hela?
2. Breki naweka wapi? Fundi mmoja anasema atoboe tu mbele na nyuma.
3. Rimu na tairi gani zinaingia, na je, vipuri vya baiskeli zetu za kawaida vinakubali?
4. Gia ya 49 kwa 14 inafaa barabarani?

---

chuma_na_shaba

Mkuu, umepima vizuri. Hizo namba zinasema hiyo ni fremu ya keirin ya kawaida kabisa, na habari njema ni kwamba karibu kila kitu chake kina kipimo kinachojulikana. Keirin ilianza Kokura mwaka 1948 kama mbio za kuwekewa dau, ndiyo maana vifaa vyake vinakaguliwa na kupigwa muhuri: hakuna mshindani anayepaswa kushinda kwa sababu ya kifaa. Viwanja vyao vya lami au zege vina mzunguko wa mita 333, 400 au 500, sakafu laini bila shimo. Fremu imetengenezwa kwa ajili ya sakafu hiyo. Inastahimili msukumo mkubwa wa miguu, lakini mtu aliyeichora hakuwa akifikiria mashimo ya barabara, keria wala abiria.

Kabla ya kununua hata nati moja, kagua hivi.

Vua kila kitu, fremu na uma vibaki vitupu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi uone chuma na rangi bila matope. Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita 2 hadi 6 kutoka kwenye bomba la kichwa. Baiskeli iliyogonga ukuta kwa mbele huvimba hapo, na rangi hukunjamana kama ngozi. Angalia pia chini ya bomba la juu, sehemu hiyohiyo. Ukihisi mgongo au mkunjo, acha. Bomba lililokunjika hapo litapasuka hapohapo, na hakuna namna salama ya kulinyoosha.

Nyufa hutafutwa mahali palipopata joto la kuchomelea na mahali pa nguvu: kuzunguka bomba la ekseli ya pedali upande wa cheni, kwenye masikio ya nyuma yanapoungana na vibomba, na kwenye maungio ya bomba la kiti penye boliti ya kubana. Ufa hutoa mstari mwembamba wa kutu unaorudi kila ukiufuta. Mkwaruzo haurudishi kutu kwa siku moja.

Unyoofu: chukua uzi mrefu usiovutika. Anzia sikio moja la nyuma, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, urudi sikio la pili, uvute sana. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya mm 1 ni nzuri sana, mm 2 unaweza kuishi nayo. Ikizidi mm 3, sehemu ya nyuma imepinda na inahitaji fundi mwenye meza ya kunyooshea.

Kutu ya ndani ndiyo hatari hasa kwa sisi wa pwani. Ingiza taa ndogo kwenye bomba la kiti na kwenye bomba la ekseli ya pedali. Vumbi jekundu linalofutika si tatizo. Magamba yanayotoka kwa vipande ni tatizo. Gonga bomba polepole kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu kwenda chini: sauti iwe ya kengele inayobadilika taratibu. Ukisikia mahali pamekufa ghafla, bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi. Bomba hizi katikati zina unene wa karibu mm 0.6 tu, hazina akiba ya kuliwa na kutu. Kwa sababu hiyohiyo usiibane fremu kwenye jiliwa kwa bomba la juu au la chini. Bana nguzo ya siti.

Nyuzi za bomba la ekseli ya pedali: kwa mm 68 na muhuri wa Kijapani, tegemea nyuzi za Kiingereza, inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa inchi. Upande wa cheni unafunguka kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Wengi wanaharibu fremu hapa, wanakaza wakidhani wanafungua. Upande wa kushoto unafunguka kawaida.

---

mshika_tupa

Nijibu la breki, maana ushauri wa "toboa tu mbele na nyuma" utakuharibia fremu.

Ya mbele ni lazima, hata ukibaki na gia iliyofungwa. Gurudumu la mbele ndilo linalobeba uzito unapofunga breki. La nyuma linapungukiwa uzito na kuteleza. Sheria za Uingereza za mwaka 1983 zinakubali gia iliyofungwa kama breki ya nyuma, lakini bado zinataka breki ya mbele. Japani kwenyewe fremu kama hii hairuhusiwi barabarani bila breki mbele na nyuma.

Kutoboa kichwa cha uma kunawezekana, kwa masharti. Kwanza hesabu kama breki itafika. Kwa rimu ya 700C, yaani kipenyo cha mm 622 pale tairi linapokaa, katikati ya sehemu inayobanwa na raba iko karibu mm 311 kutoka kwenye kitovu cha ekseli. Breki fupi za kubana rimu zinafika mm 39 hadi 49 kutoka kwenye boliti yake. Kwa hiyo tundu liwe kati ya mm 350 na mm 360 kutoka kwenye kitovu cha ekseli. Pima mpaka katikati ya kichwa cha uma. Ikiwa ni chini ya 350, raba zitashuka chini ya sehemu ya rimu inayobanwa; ikizidi 360 zitakaa juu ya rimu na kula tairi. Usitoboe.

Ikiingia humo, kazi ni ya drili ya mezani, si ya mkononi. Uma ufungwe kwenye pingili mbili za V (vipande vya chuma vyenye mfereji wa V wa kulaza bomba), shina likiwa limelala sambamba na meza. Tia alama ya katikati kwa senta panchi kutoka pande zote mbili, anza na biti ya mm 3, kisha 5, malizia na 6. Tundu la nyuma peke yake lipanuliwe hadi mm 8 kama breki yako inatumia nati ya kuzama. Usipitishe mm 8 hadi mbele. Shina la uma ni nene zaidi kwa chini, hapo tundu linavumilika likiwa katikati kabisa. Likienda pembeni mm 2 umeondoa chuma upande mmoja wa shina, na shina ndilo linalokushikilia meno. Ndani, ondoa kingo kali kwa tupa ndogo ya duara, kwa sababu ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Mbele weka washa iliyochongwa mviringo ifuate umbo la kichwa. Washa bapa juu ya uso wa duara hulegea kila wiki.

Kidaraja cha nyuma, hapana. Kile ni kibomba chembamba kisicho na bushi ndani. Ukitoboa na kukaza boliti ya breki, kitabonyea, halafu kitapasuka. Njia sahihi ni kuchomelea bushi kwa shaba au fedha kwa moto wa gesi, na hapo rangi yote ya nyuma imekwisha. Yeyote anayekuletea mashine ya kuchomelea ya umeme karibu na bomba za mm 0.6, mzuie. Atatoboa bomba, na pale ambapo hatatoboa atalifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kukatika pembeni ya mshono.

---

Njia_Panda_Nairobi

Habari ndugu. Napingana kidogo na mshika_tupa kuhusu kutoboa uma wa asili.

Hesabu yake ni sahihi. Ila fundi mwenye drili ya mezani na pingili za V anayekubali kazi ya tundu moja si rahisi kumpata, na kosa likitokea hulioni mpaka siku shina linapokatika. Kama unaweza kupata uma mwingine wa chuma wa inchi 1 wenye tundu tayari, uweke huo na uhifadhi wa asili mzima.

Vipimo vya kutafuta: shina inchi 1 lenye nyuzi 24 kwa inchi, ndani mm 22.2 ili shingo ya usukani iingie. Urefu wa shina upimwe kwenye fremu yako: urefu wa bomba la kichwa jumlisha unene wa vikombe na nati. Shina refu linakatwa. Fupi halina dawa, ila hakikisha nyuzi zinashuka vya kutosha kwa kiasi utakachokata. Umbali wa ekseli hadi kiti cha beringi uwe karibu na ule wa zamani, tofauti isizidi mm 10. Uma mrefu zaidi unainua mbele na kulaza pembe ya usukani.

Mpindo wa mbele wa uma nao una maana. Uma wa uwanjani umenyooka zaidi kuliko wa barabarani. Ukiweka wa barabarani wenye mpindo wa mm 43 hadi 45, usukani unakuwa mwepesi zaidi mkononi kwa mwendo mdogo, na kidole cha mguu kinapata nafasi ya ziada ya karibu sentimita moja mbele ya tairi. Kwa mtu wa mjini hiyo sentimita ni mali. Fremu hizi ni fupi mbele, na ukikata kona kwa mwendo wa kutembea ncha ya kiatu inagusa tairi. Kwa gia iliyofungwa huwezi kusimamisha pedali kukwepa.

Jambo moja la kuangalia: kiti cha beringi cha chini. Uma wa Kijapani wa zamani mara nyingi una mm 27.0, na wa viwango vya Ulaya mm 26.4. Usilazimishe kwa nyundo pete ya 26.4 kwenye 27.0. Mkereza vyuma anaweza kupunguza 27.0 kuwa 26.4, lakini hawezi kuongeza. Vikombe vya juu na chini navyo ni hivyohivyo, mm 30.0 kwa Kijapani na 30.2 kwa Ulaya. Cha 30.0 kwenye tundu la 30.2 kitacheza.

Kuhusu breki ya nyuma, kuna jibu lisilotoboa chochote: habu yenye breki ya mguu, ile ya kukanyaga pedali kurudi nyuma. Nyingi zina upana wa mm 110 kati ya nati za ndani. Ongeza washa nene za mm 5 kila upande upate 120. Kwanza pima urefu wa ekseli: 120, jumlisha unene wa masikio mawili (ya keirin ni mazito, mara nyingi mm 7 kila moja), jumlisha nati mbili za mm 10. Ekseli ya chini ya mm 154 haitoshi. Ule mkono wa chuma wa habu ufungwe kwenye kibomba cha cheni kwa ukanda mpana wenye raba chini yake, usiwe ukanda mwembamba wa waya. Boliti ikazwe mkono ukiwa umekaa wenyewe mahali pake. Usiuvute kwa nguvu ukutane na ukanda, utakipinda kibomba.

Kumbuka kwamba breki hiyo inategemea cheni. Cheni ikichomoka, breki imekwenda nayo. Ndiyo maana ya mbele inabaki palepale. Na kwenye mteremko mrefu usiikalie breki ya mguu peke yake, grisi ya ndani inaungua na kutoka moshi.

---

sproketi49

Asanteni sana wakuu. Nimepima: kutoka kitovu cha ekseli hadi katikati ya kichwa cha uma ni mm 354. Uzi unaonyesha tofauti ya mm 1. Hakuna uvimbe chini ya bomba la chini. Kutu ya ndani ni vumbi tu. Uma wa pili bado sijaupata.

Upande wa rimu: kuna rimu za inchi 28 za baiskeli za kawaida, na magurudumu ya inchi 27 yaliyotoka kwenye baiskeli za akina mama za Kijapani. Lipi linakubali?

---

spoki_thelathini_na_sita

Mkuu, hayo yote mawili hapana. Usitoe hela.

Majina ya inchi yanadanganya. Soma namba ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Inchi 28 ya baiskeli zetu za mizigo ni mm 635. Inchi 27 ya baiskeli za Kijapani za mjini, ile ya 1 3/8, ni mm 609 ingawa jina lake ni kubwa. Fremu yako ni ya mm 622. Rimu ya 635 ni ndefu kwa mm 6.5 kila upande wa ekseli, tairi lake nene litasugua kidaraja. Rimu ya 609 inashuka mm 6.5 chini ya raba za breki. Kwako wewe, 354 toa 311 ni 43, inaingia vizuri kwenye breki fupi kwa 622. Kwa 609 ungehitaji 49.5, umeshatoka nje. Halafu tairi la mm 37 halipiti kati ya vibomba vya nyuma kabisa.

Tafuta rimu za 700C za tairi na tyubu, kwenye mtumba zinatoka na baiskeli za mbio na zile za usukani ulionyooka. Hesabu matundu yawe 36 ili utumie habu zako za uwanjani, na habu hizo ni nzuri kuliko nyingi utakazopata. Spoki za zamani usizitegemee, rimu ya kugundisha na rimu ya tyubu hazina kina kimoja. Pima kipenyo cha ndani cha rimu mpya pale kichwa cha nipo kinapokaa, ndipo uagize urefu. Spoki za mm 2.0, kila moja ikivuka tatu, mbele na nyuma. Gurudumu la nyuma la uwanjani halikuvutwa upande mmoja kama la gia nyingi, spoki za kushoto na kulia zinavutwa karibu sawa. Ndiyo maana linakaa nyoofu muda mrefu hata kwenye mashimo.

Tairi: mm 25 ndiyo salama. Mm 28 lijaribu kabla ya kununua: liweke, jaza upepo, angalia chini ya kichwa cha uma na kati ya vibomba vya cheni. Unataka angalau mm 4 kila upande, maana changarawe iliyonata kwenye tairi inaingia hapo na kukwangua chuma. Kwa mtu wa kilo 75 na tairi la mm 25, upepo wa bar 6 hadi 6.5. Chini ya hapo, shimo moja linakata tyubu sehemu mbili sambamba kama meno ya nyoka.

Sasa gia. 49 kwa 14 ni kama mita 7.35 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 80 kwa dakika unakwenda kilomita 35 kwa saa. Uwanjani sawa, ila kuanzia kwenye taa za barabarani utavunja magoti. Kwa barabara ya tambarare lenga mita 5 hadi 5.5.

Usibadilishe sproketi ya mbele. Matundu ya boliti zake yako kwenye duara la mm 144, mbadala wake ni ghali na ni adimu. Badilisha ya nyuma, na hapa ndipo vipuri vyetu vinakubali. Nyuzi za habu ya uwanjani, inchi 1.37 kwa 24, zinapokea friwili ya baiskeli ya kawaida. Na cheni ya baiskeli ya kawaida, nusu inchi kwa moja ya nane, ndiyo ileile ya uwanjani. Friwili ya meno 20 na 49 mbele inakupa mita 5.15, kilomita kama 25 kwa saa kwa mizunguko 80. Kwa Nairobi au Mwanza kwenye vilima chukua 22.

Ukiifunga friwili: grisi kwenye nyuzi, iingie mizunguko mitatu kwa vidole bila kugoma. Ikigoma, usitie spana, kuna nyuzi zisizolingana. Na ukiweka friwili umepoteza breki ya miguu, kwa hiyo ni lazima uwe na breki ya nyuma ya kweli. Habu ya breki ya mguu aliyoieleza Njia_Panda inakuja na sproketi yake yenye meno matatu ya kushikilia, friwili huiweki humo. Chagua moja: habu yako ya uwanjani yenye gia iliyofungwa na breki ya mbele, au habu ya breki ya mguu na breki ya mbele. Friwili na breki moja tu ya mbele sikubaliani nayo kwa mtu wa kila siku.

Ukibaki na gia iliyofungwa, sproketi ya nyuma ya meno 18 au 19, na juu yake nati ya kufungia yenye nyuzi za kinyume. Hiyo nati ndiyo inayozuia sproketi isifunguke unapokaza miguu kurudi nyuma. Sproketi iliyofungwa kwenye habu isiyo na ngazi ya pili ya nyuzi za kinyume, hata uipake gundi gani, itafunguka siku unayohitaji kusimama.

Mstari wa cheni: kutoka katikati ya bomba la kiti hadi katikati ya meno ya mbele iwe mm 42, na nyuma vilevile kutoka katikati ya habu. Tofauti ya mm 1 haina neno. Ikizidi 2 utasikia cheni inasaga, na kwenye gia iliyofungwa cheni inayosaga ndiyo inayoruka. Sproketi ya habu ya breki ya mguu imekunjwa kidogo. Ukiigeuza, uso wa ndani uwe nje, unapata milimita kadhaa bila kugusa washa.

---

mshika_tupa

354 ni kipimo kizuri, kwako tundu linaingia. Lakini nakubaliana na Njia_Panda kwamba uma wa pili ni bora ukipatikana. Kama utatoboa, mpeleke fundi na maelezo haya mkononi na usimame pale.

Naongeza kuhusu cheni, kwa sababu masikio ya fremu yako yanafunguka kwa nyuma. Ukivuta gurudumu nyuma cheni inakaza, ukisogeza mbele inalegea. Kila jino moja unaloongeza nyuma linasogeza ekseli mbele kama mm 3. Kwa hiyo kutoka 14 hadi 20 ni karibu mm 19, na cheni ya zamani huenda isitoshe. Pingili mbili, ya ndani na ya nje, zinasogeza ekseli mm 12.7. Panga ekseli ikae katikati ya ufa wa sikio, upate pa kuvuta cheni ikirefuka.

Kukaza: weka gurudumu, kaza nati kidogo, zungusha pedali polepole ukibonyeza cheni katikati. Kuna mahali itakaza zaidi, kwa sababu sproketi ya mbele karibu kila mara haijakaa katikati kabisa. Legeza boliti za sproketi, igonge taratibu kwa mpini wa mbao upande unaokaza, kaza tena. Halafu mahali panapokaza zaidi pawe na mchezo wa mm 10 hadi 15 juu na chini. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inakula gololi za habu na za ekseli ya pedali.

Nati za nyuma spana 15, kaza kwa Nm (nyutoni-mita) 30 hadi 35 kila moja. Boliti za mikono ya pedali Nm 35 hadi 40, bila grisi kwenye mraba wa ekseli. Ukizikaza kwa mkono tu, mkono wa alumini unacheza siku chache na tundu la mraba linakuwa duara. Hapo huponi bila kununua mwingine.

Gololi: usukani inchi 5/32, ekseli ya pedali inchi 1/4, huru 11 kila upande ukitoa ile keji. Zibadilishe zote kwa pamoja, ni bei ndogo. Gololi moja mpya kati ya kumi zilizochakaa ndiyo itakayobeba mzigo wote.

---

chuma_na_shaba

Rangi na kutu, kwa kuwa umetaja.

Usipeleke fremu kupigwa mchanga wa nguvu. Mchanga mkubwa unapunguza unene wa bomba. Dawa ya kutoa rangi na brashi ya waya wa shaba zinatosha, na kwenye maungio tumia msasa namba 180, kisha 320. Ukimaliza, ndani ya saa moja hadi mbili paka rangi ya msingi ya epoksi, hasa ukiwa pwani. Chuma kitupu cha Dar kinaanza kuwa chekundu jioni ileile.

Ziba kabla ya kupaka: nyuzi za bomba la ekseli ya pedali (funga vikombe vya zamani humo), sehemu za vikombe vya usukani, ndani ya bomba la kiti, na nyuso za masikio ya nyuma zinazobanwa na nati. Rangi nene chini ya nati inakunjamana, nati inalegea, na gurudumu linahama kando. Na muhuri wa NJS usiufunike kwa tabaka nne, mtu wa baadaye atataka kuusoma.

Ndani ya bomba mimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, vijiko viwili vikubwa kwa kila bomba kupitia matundu ya upepo. Geuza fremu pande zote, iache imesimama siku mbili itone. Yanakauka na kuacha utando. Toboa tundu dogo la mm 4 chini ya bomba la ekseli ya pedali kama halipo, maji ya mvua yapate pa kutokea.

Nguzo ya siti paka grisi, iingie angalau mm 65 ndani. Kipimo cha 27.2 kihakikishe kwa venia katika pande mbili, sentimita 5 ndani, si mdomoni, kwa sababu mdomo huwa umebanwa. Nyingine ni 26.8. Tofauti ya 0.2 inatosha kuifanya nguzo ishuke kila siku au iharibu maungio ukiibana kwa nguvu. Kila miezi mitatu itoe, paka grisi upya. Alumini ndani ya chuma na chumvi ya bahari vinashikana kama vimechomelewa.

---

sproketi49

Nimeelewa. Nitachukua habu ya breki ya mguu na breki ya mbele. Swali la mwisho: keria ya kubeba begi la kilo 6 na madigadi ya msimu wa mvua vinawezekana bila kuchomelea?

---

Njia_Panda_Nairobi

Madigadi ndiyo, ila ya plastiki ya kubana kwenye nguzo ya siti kwa nyuma na kwenye bomba la chini kwa mbele. Yale kamili ya kufunika tairi hayana nafasi juu ya tairi la mm 25, na ya mbele yataongeza sentimita nzima kwenye lile tatizo la kidole cha mguu. Zaidi ya hapo, gurudumu la nyuma linatoka kwa kuvutwa nyuma. Madigadi kamili yanazuia, kila pancha ungeyafungua kwanza.

Keria: masikio hayana matundu ya kufungia, na vibomba vya nyuma vya juu ni vyembamba. Vibano vya chuma vyenye raba ndani vinashika, lakini kwa mzigo unaotikisika vinashuka polepole na kukwangua rangi hadi chuma. Kwa kilo 6 weka begi la kufungwa nyuma ya siti, kwenye reli za siti na nguzo. Ukizidi kilo 8, tumia baiskeli nyingine siku hiyo.

Habu ikifika, kabla ya kuifunga, fungua uangalie grisi ya ndani. Zinazokaa stoo muda mrefu hukauka. Tia grisi inayovumilia joto kwenye gololi na kwenye viatu vya breki, kisha zungusha ekseli kwa vidole: izunguke bila kukwama, na ukiitikisa kando isisikike mchezo. Gurudumu likishakuwa kwenye fremu na nati zimekazwa, pima tena, maana nati zikikazwa hubana koni (zile zinazoshikilia gololi kwenye ekseli) kidogo. Acha mchezo mdogo sana mwanzoni ili uishe wenyewe unapokaza. Siku ya kwanza nenda kilomita 2, rudi, kaza nati za nyuma na boliti ya ule mkono wa breki. Rudia baada ya kilomita 50.